Shangazi Alipopiga Zeze Harusini Buganguzi

Mwezi uliopita nilipita Kemondo, na nje ya duka la nyavu mtu alikuwa anapiga zeze. Miguu ikasimama yenyewe. Nikajiona niko Izigo, kwenye kibanja cha bibi, shamba lake la migomba, niko darasa la nne.

Kila nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kugeuza kahawa iliyoanikwa uani. Shangazi, mdogo wa baba, alikaa kizingitini akipiga zeze lake la uzi mmoja, lililowambwa ngozi ya kenge. Bibi hakupenda kabisa.

"Zeze ni la wanaume. Utakosa mchumba."

"Basi nitamkosa huku napiga, mama."

Jumamosi moja tulikwenda harusini Buganguzi. Huko kulikuwa na kundi la wapiga zeze, wanaume watupu, na shangazi alikuwa amejifunza nyimbo zao kwa kusimama nje ya ua wao wakifanya mazoezi. Akapiga goti mbele ya kiongozi wao, akamwamkia, akaomba kupiga nao.

Mzee akalitazama zeze alilolibeba shangazi. "Mwanangu, jikoni wanamenya ndizi. Nenda ukasaidie."

Mimi nilitaka kulia. Shangazi alikwenda kweli, akamenya ndizi za sufuria nzima. Kisha akajifuta utomvu mikononi, akaketi kwenye majani ya migomba, akashika zeze lake, akaanza wimbo wa kumuaga bibi harusi. Visu vikatulia. Mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakaitikia, na wageni wakaanza kutoka kwenye turubai kuja kwetu.

Mwisho akaja kiongozi mwenyewe. Nikang'ang'ania gauni la shangazi, nikidhani anakuja kutufukuza.

"Njoo ukae mbele," akasema.

"Nitakuja, baba. Ila nimalize huu kwanza, na hawa mama wanaoitikia tuje nao."

Wakaenda wote. Alipiga na kundi lile miaka mingi, mpaka vidole vilipokataa, na bibi akawa wa kwanza kujigamba sokoni.

Siku hizi harusi zetu ni spika tu. Wazee wa kundi wamekwisha mmoja mmoja, na shangazi amezikwa kibanjani. Mara ngapi aliniita nikae nijifunze! Nilikuwa na haraka ya michezo, baadaye masomo, baadaye kazi Bukoba. Nimebaki na nyimbo tatu. Nyingine hakuna tena wa kumuuliza. Hizo tatu namfundisha binti yangu, atake asitake.