Nira ya Ng'ombe kwa Punda wa Mama

Mpaka leo nikikutana na punda njiani naangalia pembeni. Mke wangu husema naogopa mateke. Siogopi mateke hata kidogo. Naona aibu, na aibu yenyewe ilianza siku nilipoketi mezani kupanga somo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ziliporuhusiwa tena. Madukani mjini Arusha vitu vilikuwa vimerudi, kuanzia sabuni mpaka redio, na kila aliyeweza kufungua kitu alifungua. Wazazi wa upande wa Moshono wao walifungua sekondari. Walitaka iwe ya mchepuo wa kilimo, na mimi niliyetoka chuoni juzijuzi nikaajiriwa kuanzisha somo la zana za kilimo kwa kidato cha kwanza. Somo lilikuwa langu peke yangu. Mkaguzi angekuja kuliangalia, na asipolikubali lingefutwa, nami ningefutwa nalo.

Nikaandika azimio la kazi la mwaka mzima kwa mwandiko wa kujidai. Lilikuwa trekta kutoka juu mpaka chini. Chuoni tulifundishwa kwa trekta, na bodi ya shule ilikuwa imeahidiwa trekta kuukuu kutoka shamba moja la umma lililokuwa linauzwa. Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye sauti ya upole na maneno makali, alilisoma miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Wiki ya nne, kubadilisha oili," akasoma. "Oili ya nini, mwalimu?"

"Ya trekta, mama."

"Trekta limeuzwa pamoja na shamba lake. Aliyenunua hana habari na sisi." Akanirudishia karatasi zangu. "Nenda kaniandikie somo la vitu ambavyo hawa watoto wanavyo nyumbani kwao."

Nilinuna siku kadhaa. Trekta lilikuwa limenipa hadhi kichwani kwangu, na sasa naambiwa nifundishe jembe! Lakini nilipoanza kuandika upya, hasira ikaisha, na niseme kweli, lile azimio la pili lilikuwa zuri. Nilianza na jembe, kwa nini mpini unaomfaa mtu mrefu humvunja mgongo mtu mfupi. Likafuata toroli, kisha baiskeli na mnyororo wake, na mwisho kabisa mkokoteni wa kukokotwa na mnyama. Huko mlimani Meru watu walikuwa wameanza kung'oa kahawa wapande nyanya, na nyanya zilikuwa zikiozea shambani kwa kukosa cha kuzifikisha barabarani. Nikajiona nimegundua kitu.

Wanafunzi waliunda mkokoteni kwa ekseli ya pikapu iliyokufa. Seremala wa Kaloleni akatuchongea nira ya mnyama mmoja, mti wa kulala shingoni wenye vijiti viwili vya kushuka pande zote na kamba ya kufunga chini ya koo. Vipimo nilimpa mimi. Nilivichukua kwenye shingo ya dume la ng'ombe la baba.

Lakini dume lenyewe halikuja. Baba alisema ng'ombe wake si wa maonyesho. Wazazi wa Moshono walifuga ng'ombe wa maziwa, wa kukaa bandani na kuletewa majani, ambao huwezi kuwafunga mkokoteni. Na mkaguzi alikuwa ameshaleta taarifa ya kuja. Mnyama wa kazi aliyebaki, ambaye ningeweza kumpata bila kumpigia mtu magoti, alikuwa punda wa mama yangu.

Kwetu ni upande wa magharibi wa mlima, na sisi ni Waarusha. Kwetu ng'ombe ni wa baba, punda ni wa mama. Mama ndiye humfunga mizigo, ndiye humwongoza mtoni na sokoni. Mvulana mdogo anaweza kumfukuza punda kwenye mahindi, ila akishatahiriwa basi, hamgusi tena. Hakuna anayekukataza kwa maneno. Ni kama vile huwezi kumwona mwanaume wa kwetu akibeba kuni mgongoni. Kwa hiyo mimi mwenye cheti, niliyefaulu vizuri mtihani wa kuandika wa wanyamakazi, sikuwa nimeshika shingo ya punda tangu nipate akili za kiume.

Nilipofika nyumbani nilizunguka kwanza na habari za mvua. Baba alikuwa ameketi nje akinoa panga, na mama alikuwa anachambua maharage.

"Yeyo," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mama, "shule inamhitaji punda wako."

Baba akaacha kunoa. "Umesoma miaka yote hiyo," akasema, "umesoma, umesoma, ukarudi kwa punda?"

Mama hakucheka. Aliniangalia, na niliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Alikuwa ameona aibu kwa niaba yangu. Huyu ndiye aliyewaambia wanawake wenzake kanisani kwamba mwanawe hatashika mzigo tena.

"Wewe hutamwongoza," akasema. "Watu wa hapa watakuona. Nitamleta mimi."

Akamleta kweli. Alitoka kwetu alfajiri, akapita Kaloleni watu wakifungua maduka, watoto wakimfuata nyuma, akavuka mto Themi, akatokea shuleni siku moja kabla ya mkaguzi. Alikuwa amevaa shuka zake za Jumapili na shanga zote alizokuwa nazo. Punda alikuwa jike wa kijivu mwenye sikio lililochanika, aliyetubebea maji tangu niko shule ya msingi. Mama alimkwangua matope miguuni kwa kijiti kabla hajaingia getini.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenyeji wa Dodoma. Alimwamkia mama shikamoo, akasimama kivulini na kalamu yake. Mimi nikasimama mbele ya darasa nikaeleza nguvu, mzigo na msuguano. Nilieleza vizuri. Kisha nikawaita wavulana wawili waje wamvalishe punda nira, na hawakusogea. Walitazama viatu vyao. Nilielewa kabisa, maana walikuwa Waarusha wenzangu, na walikuwa wametahiriwa likizo ile tu iliyopita. Nikamvalisha mwenyewe, masikio yakiniwaka moto, nikakaza kamba kooni.

"Twende," nikasema.

Punda akaenda. Mwanzoni mkokoteni, tulioupakia magunia ya mchanga, ulisogea bila taabu, na nilimwona mkuu wa shule akitabasamu. Halafu magurudumu yakaingia kwenye udongo laini, magunia yakavuta nyuma, nira ikateleza shingoni mpaka karibu na masikio, na kamba ikambana koo. Akasimama. Nami badala ya kumtazama nikasema tena "twende", kwa sauti ya mwalimu. Akajikaza mara moja, akakoroma, akapiga magoti mbele ya watu wote.

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Alisogea, akaangalia, akauliza bila ubaya wowote, "Mwalimu, huyu mnyama ana nundu?"

Wote wakautazama mgongo wa punda. Nira ya ng'ombe husukumwa na nundu, jambo ambalo nililiandika mwenyewe kwenye azimio na kulipigia mstari. Punda hana nundu, na nira haina pa kushika, kwa hiyo inashuka kumnyonga. Mvulana wa kabila lolote ambalo wanaume hushika punda angejua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama alikuwa ameshafika. Alifungua kamba, punda akanyanyuka akitetemeka. Kisha mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akampiga punda wake kofi la kusikika.

"Nisamehe, baba," akamwambia mkaguzi kwa Kiswahili chake cha shida. "Hii punda yangu iko jeuri. Tangu zamani iko hivyo. Mwalimu amefundisha vizuri."

"Hapana," nikasema, "kosa ni langu. Nira ndiyo iliyom..."

"Iko jeuri," mama akanikata. "Mimi ndiyo najua punda yangu."

Mkaguzi aliandika kwamba atarudi muhula unaofuata, aone mnyama akivuta, ndipo aamue. Mama akaondoka na punda wake bila kula. Kuanzia siku ile wanafunzi waliniita Nundu. Nililisikia jina hilo dirishani, nikalisikia chooni, na sikumwadhibu mtu.

Likizo nzima nilishona. Nilipata mikanda ya usalama kwenye magari mabovu, nikaiunganisha ikawa mkanda mmoja mpana wa kukaa kifuani, nikaupigia blanketi kwa ndani, kwa sababu punda husukuma kwa kifua. Na azimio nikalibadilisha tena, la tatu sasa. Kabla ya chombo chochote niliweka somo juu ya mwili wa yule anayekitumia, awe mtu au mnyama. Mkanda ulipokamilika niliuvaa begani, nikapanda kwetu mchana kweupe, wanaume wakiniona. Nilitaka nimpime yule punda kwa mikono yangu mwenyewe, na nimwombe radhi kwa namna nitakayoweza.

Nyuma ya nyumba nilimkuta punda mwingine. Alikuwa kijana, rangi ya kahawia, masikio yake yote mazima.

"Yule yuko wapi?" nikauliza.

"Nimebadilishana," mama akasema. "Na mama mmoja kule chini tambarare. Nimemwongezea na mbuzi wangu. Huyu ni mpole, hatakuaibisha."

Nilimweleza mambo ya nundu na kifua. Nilimwonyesha mkanda. Akaushika, akausifu mshono, akasema yule wa zamani alikuwa amezeeka na wakati wote alikuwa mkaidi. Sikumbuki ukaidi wowote. Nakumbuka akisubiri mtoni tukiwa watoto tunacheza, madumu yamejaa mgongoni. Niliona aibu hata chai aliyonimiminia ikanishinda.

Mkaguzi aliporudi, mama alikuja tena na shanga zake. Safari hii nilimpokea punda getini na kumwongoza mwenyewe, na wavulana wawili walewale, bila kuitwa, wakaja kushika mkanda. Tukamfunga kifuani. Magunia yalikuwa yaleyale na udongo uleule laini. Akavuta mpaka mwisho wa uwanja, tukamgeuza, akavuta kurudi. Wanafunzi wakashangilia. Mkaguzi akaandika, akampa mkuu wa shule mkono, akampa mama mkono, kisha akanipa mimi. Somo likawa limekubaliwa.

"Mnaona?" mama akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie. "Ilikuwa ile punda!"

Watu wakacheka, wakakubali. Hata mkuu wa shule aliitikia kwa kichwa akasema kweli, wapo punda wa namna hiyo. Hilo lilinichoma kuliko kicheko cha mara ya kwanza. Nilimsogelea mama.

"Yeyo, yule naye angevuta. Kwa mkanda huuhuu angevuta."

Alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, akiendelea kuwatabasamia wageni.

"Najua," akaniambia kwa Kimaa, lugha yetu, polepole. "Nyamaza, watakusikia."

Kisha akaenda kumfungua yule punda mgeni, wakaanza safari ya kurudi.