Kifuniko cha Meza ya Éliakim

Watu wa Bulengera walimjua Éliakim Vagheni kama seremala wa milango, viti vya kanisa na majeneza, na tena kama mtu asiyesahau. Ukimkosea leo atakusalimia vizuri, atakuuliza habari za watoto, na kinyongo chake kitakaa palepale moyoni kikingoja zamu yake. Simsengenyi. Hata mama yake, Mama Kasika, alikuwa akisema hivyohivyo huku akicheka.

Mdogo wake Ananie ndiye aliyekuwa na chumba cha jeu, cha michezo ya video, upande wa mbele wa nyumba yao palepale Bulengera, mjini Butembo: televisheni moja nene, mashine moja, manette mbili za kuchezea, na groupe ya umeme iliyonguruma nyuma ya jikoni. Vijana walijaa humo kucheza mpira wa kwenye kioo, maana kukusanyika uwanjani wakati wa vita kulikuwa kujitafutia balaa. Siku iliyojaza chumba kuliko zote ni Jumapili. Kwa hiyo Mama Kasika alikwenda kanisani peke yake, akawaombea wanawe wawili waliobaki na mashine yao.

Vita ya pili ilipopamba moto, wanajeshi wakaanza kupita nyumba hadi nyumba wakizoa kila chenye waya. Ndugu hao wawili wakaipandisha televisheni ndani ya plafond, yaani dari, juu ya stoo ya makaa. Aliyewasaidia kuinyanyua ni rafiki yao Esdras, fundi redio na mpiga gitaa wa kwaya. Wanajeshi walipita wakakosa. Juma lililofuata walirudi, na safari hii hawakutazama chini ya kitanda wala ndani ya kabati. Walikwenda moja kwa moja stoo, wakatoboa plafond kwa mtutu wa bunduki. Ananie akaikumbatia televisheni yake. Wakampiga risasi, wakaibeba.

Éliakim alimtengenezea ndugu yake jeneza kwa mikono yake mwenyewe, na kila alipopiga msumari alikuwa akipiga hesabu. Walioijua ile plafond walikuwa wanne. Ananie alikuwa anakwenda kaburini. Yeye Éliakim hakufungua mdomo. Mama ni mama. Alibaki Esdras, ambaye redio za wanajeshi zilipita mikononi mwake kila siku. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na tangu hapo akamchukia Esdras kwa chuki tulivu, chuki ya mtu aliyepata kazi ya kufanya.

Hakumwambia yeyote. Alitafuta televisheni nyingine, ikaja kutoka mpakani Kasindi, imefichwa katikati ya magodoro, akaanza kujenga meza.

Kwa macho ilikuwa meza ya kulia chakula, ya mbao nyekundu za libuyu. Ukikaa ndipo ulipoona kwamba wachezaji wawili walienea bega kwa bega, na kwamba chini ya ukingo palikuwa na visanduku viwili vya kutunzia manette. Ndani yake palikuwa na shimo. Televisheni ilikaa juu ya ubao ulioning'inia kwa kamba. Kamba zilipita kwenye rimu za baiskeli kuukuu, na upande wa pili zilibeba gunia la mawe lenye uzito uleule. Ukikanyaga kibao kidogo cha chini, upande wa dirisha, televisheni ilipanda taratibu na kifuniko kikafunguka. Ukikanyaga tena ilizama, na kifuniko kikajilaza juu yake bila kelele. Mama Kasika alikikanyaga kile kibao mara nyingi, akicheka kama msichana. Aliona mwanawe anavyorudia kupiga randa mbao ambazo tayari zilikuwa laini, akadhani ni kwa kumpenda marehemu. Nayo ilikuwa hasira tupu, na hasira ikipata randa kali inafanya kazi safi sana.

Meza ilipokamilika alipunguza mawe kwenye gunia, akatandika maranda ya kutosha chini ya shimo ili televisheni ikianguka isivunjike, kisha akamwita Esdras aje kuona.

Esdras alikuja mchana, akaizunguka meza, akaisifu kwa moyo mweupe. Akasema Ananie angeiona angelia kwa furaha. Jina lile kinywani mwake lilimchoma Éliakim kuliko moto. Akamwomba aingize mkono wa kushoto shimoni, aguse kamba ya pembeni, amwambie kama imeanza kulika. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi za gitaa. Éliakim alikuwa amelifikiria hilo mapema. Esdras alipoinama, alikanyaga kibao.

Televisheni ilianguka kama jiwe, na libuyu nzima ikashuka juu ya vidole.

"Yaya, toa," Esdras alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita kaka yake. "Toa, yaya, tafazali."

Éliakim hakuharakisha. Alipokwisha kuinua kifuniko alisema pole, kamba imeponyoka, akamfunga mkono kwa kitambaa, na Esdras akamshukuru. Hospitalini walikata vidole viwili. Kwa kila aliyeuliza Esdras alijibu kwamba ni ajali ya kazi, asilaumiwe mtu. Éliakim alisikia hayo akalala usingizi mtamu, wa kwanza tangu msiba.

Jumapili alifunga chumba cha jeu, akaenda kanisani na mama yake. Alitaka kuliona lile gitaa mikononi mwa mwingine. Akaliona, na moyo wake ukashiba: Esdras amekaa kando ya kwaya, mkono uliofungwa umelala kifuani. Kisha mchungaji akaita wenye ushuhuda, na Mama Kasika akasimama.

"Bwana asifiwe, bandugu. Mwaka ulipita nilisimama hapa hapa, nikashukuru Mungu juu basoda, bale ba bunduki, bamekosa televizyo ya batoto yangu, mu plafond, juu ya stoo ya makala. Ile juma ile ile shetani akakasirika, akakamata televizyo na mutoto. Lakini Mungu hapana lala. Sasa Éliakim amefanya meza. Mutu akiingia, ataona meza tu ya kukulia. Unakanyaga kale kakibao ka chini, kwa dirisha, televizyo inatoka. Museme amina."

Kwenye benchi la nyuma walikaa wanajeshi wawili, kama walivyokaa kila Jumapili, bunduki zao chini ya miguu. Mmoja alinyoosha shingo kutafuta Éliakim ni yupi.

Éliakim akapiga hesabu yake upya. Muuaji wa Ananie alikuwa amesimama mbele ya watu kwa kitenge chake cha Jumapili, anatabasamu, na hakuna meza ya kumjengea. Kanisa zima likaitika amina, na Esdras pamoja nao.

Mama alirudi kwenye benchi, akamgusa goti mwanawe, akamwuliza mbona yeye peke yake hakuitika. Éliakim akasema amina.