Kiti Kilichopanda Ngazi kwa Wakili

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Mtaani wote walimwita Misumari, kwa kuwa akiwa kazini alihifadhi misumari midogo mdomoni, sita au saba kwa mpigo, akiitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi na kuipigilia kwenye fremu ya kochi karibu bila kuangalia. Ukimsalimia alikujibu kwa puani. Wateja wake walishaijua lugha hiyo: mguno mmoja ni ndiyo, miwili ni njoo kesho, na mguno mrefu wenye huzuni maana yake kochi lako bado halijaguswa.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, mkabala na duka la dawa. Upande wa ndani alikaa yeye na makochi yaliyochanwa matumbo. Upande wa dirishani alikaa mkewe na cherehani, akishona foronya na vifuniko vya mito. Kiti cha mkewe kilikuwa cha mgongo mrefu, kimevikwa mahameli nyekundu, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kukikalia hata awe na mguu mbovu. Kilikuwa kitu cha kwanza Misumari kukitengeneza ndani ya chumba kile, miaka kumi na tisa iliyopita, na alimpa mkewe kama zawadi.

Jumatatu moja asubuhi akaja kijana wa mwenye nyumba. Kijana kwa maana ya mtoto wa mtu, maana mwenyewe alikuwa na kitambi na upara. Mzee wake, aliyewapangisha chumba, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mwana alisimama mlangoni, akatoa bahasha, akasema kwa adabu zote kwamba anataka kufungua duka la simu, na kwamba wana siku thelathini za kuhama.

Misumari nusura ameze msumari.

Mgeni alipoondoka, mkewe aliisoma ile notisi mara mbili, akaikunja. "Baba watoto, hili si la kunung'unika. Tafuta wakili. Nenda kwa yule mama wa ghorofa ya tatu, lile jengo la karibu na posta. Ndiye aliyemsaidia muuza dawa."

"Nitaenda. Mambo haya ni ya mtu mmoja, wewe shona."

Na kweli alienda siku hiyohiyo. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akachungulia ndani, akaona viti vya plastiki vyeupe vimepangwa ukutani kama meno. Kimoja mguu wake ulikuwa umefungwa waya. Misumari alihisi kama ametukanwa. Wakili gani huyo anayemkalisha mteja juu ya ndoo? Akageuka palepale, akashuka, na nyumbani akamwambia mkewe kwamba mama hakuwepo.

Kuanzia hapo akawatafuta mawakili kwa njia yake mwenyewe, yaani kwa makalio. Wengine huuliza wakili amesoma wapi, ameendesha kesi ngapi, anajua mambo ya pango au ni mtu wa talaka. Misumari aliuliza viti.

Ofisi ya kwanza ilikuwa na kiyoyozi na kochi jeusi linalong'aa. Alikaa, akateremsha mkono taratibu nyuma ya kochi kama mtu anayejikuna, akabinya. Ngozi ya bandia. Akapapasa chini: kadibodi, imeshikizwa kwa pini za stepla. Akamtazama karani aliyekuwa akimtabasamia, akamwonea huruma. Mtu anayemdanganya mteja tangu kwenye kiti, huko mbele itakuwaje? Akaaga kwamba amesahau jiko linawaka, akaenda zake.

Ofisi ya pili ilimvunja nguvu. Mle ndani mlikuwa na kochi la zamani la ngozi halisi, springi zake zimefungwa kwa kamba kwa mkono, kazi ya fundi ambaye huenda alishakufa. Misumari alizama ndani yake akafumba macho. Wakili mwenyewe, mzee mcheshi mwenye suti ya vipande vitatu, alipomkuta katika hali hiyo alifurahi mno, maana hakuna aliyewahi kulistahi kochi lile. Wakazungumza nusu saa nzima. Walizungumza springi, wakazungumza manyoya ya farasi ya kujazia makochi, wakainama wote wawili kuangalia mguu wa nyuma. Misumari alipotoka alikuwa na furaha moyoni, na alikuwa amechukua vipimo.

"Wakili kasemaje?" aliuliza mkewe jioni ile.

"Atanipigia."

"Kuhusu nini?"

Misumari alijaribu kujibu kwa puani, lakini hakuwa na misumari mdomoni. "Kuhusu mkono wa kochi. Umelegea."

Mkewe aliacha kukanyaga cherehani. "Umetoka hapa kwenda kuajiri wakili, ukarudi umeajiriwa wewe?"

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

"Kesho," alisema mkewe, "utaenda ghorofa ya tatu, utakaa kwenye plastiki, na hutasimama mpaka uitwe. Na usiniambie tena kwamba hakuwepo. Muuza dawa alikuona ukishuka mbio."

Basi kesho yake akakaa. Alichagua kiti chenye mguu wa waya, ili mateso yawe kamili, na alipoitwa aliinuka na kiti kikamfuata kidogo.

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Alisoma notisi, akatazama tarehe. "Mzee, karatasi hii umekaa nayo siku ishirini na mbili. Ulikuwa wapi?"

Misumari alipanga kusema aliugua. Macho ya yule mama yalimfanya aseme ukweli. "Ni hivi viti, wakili."

"Vina nini?"

"Ni vya plastiki."

Wakili aliviangalia viti vyake kama ndiyo kwanza anaviona. "Vinafutika," alisema. "Hapa watu wanalia, mzee wangu. Watoto wanamwaga chai. Juzi kuna bibi alitapika kwa hofu. Nikiweka kitambaa, anayefuata atakalia machozi ya mwenzake."

Misumari alikuwa amefanya kazi ya viti maisha yake yote, na hakuwa amewahi kufikiria hilo. Alijiona mdogo.

Kisha wakili akamweleza mambo yalivyo, polepole, bila kiburi. Leo ni ushauri tu. Akiichukua kazi, ataandika makubaliano yanayosema atafanya nini, atalipwa kiasi gani, na nini hakimo; Misumari asitie sahihi kabla ya kuyasoma. "Na siwezi kukuahidi kushinda. Ukikutana na wakili anayekuahidi ushindi kabla hajaona karatasi yako hata moja, kimbia. Haya, mkataba wenu wa pango uko wapi?"

"Upo."

"Wapi?"

Misumari alikohoa. "Mke wangu ameukalia."

"Mwambie ainuke."

"Hajui kama ameukalia."

Ikabidi asimulie. Siku ile mzee mwenye nyumba alipokuja kukamilisha maneno yao, alikuwa safarini, mkoba begani, na hakuna aliyekuwa na karatasi. Misumari alikuwa ameinamia fremu ya kiti cha mkewe, mdomo umejaa misumari. Mzee akaichomoa penseli sikioni mwa fundi, akaandika juu ya mbao ya kukalia, akatia sahihi na tarehe. "Karatasi utaipoteza, nakujua," alisema. "Kiti cha mkeo huthubutu kukipoteza." Misumari aliona miaka ishirini na mitano na sahihi, akaguna ndiyo, na kabla ya jioni alikuwa ameshaweka sponji na mahameli juu yake. Mkewe alikuwa sokoni. Baadaye hakumwambia, maana zawadi ni zawadi, na alihofia kuiharibu kwa kuichanganya na mambo ya pango.

Wakili alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Kilete hapa. Kiti kizima. Usiguse hata uzi mmoja. Utakifungua mbele yangu."

Sehemu ngumu ilibaki nyumbani. Misumari alimweleza mkewe akiwa ameangalia sakafu. Mkewe alisimama, akakitazama kiti chake chekundu, akampa mumewe jicho ambalo lingeweza kung'oa misumari bila koleo.

"Kwa hiyo miaka yote hii zawadi yangu ni kabati la nyaraka?"

"Ni kiti, mke wangu. Lakini kina maneno ndani."

"Na unataka kukichana?"

"Sitaki. Lakini nisipokichana tutatoka hapa." Mkewe alijua kwamba mwanamume huyu nje ya chumba kile hakujua afanye nini na mikono yake.

"Haya," alisema. "Ila kiti changu hakiendi popote bila mimi."

Lifti ya jengo lile ilikuwa imekufa zamani. Wakakipandisha kwa ngazi, yeye mbele ameshika mgongo, mkewe nyuma ameshika miguu, wakipumzika kila ghorofa. Mlinzi aliwaangalia kwa masikitiko. "Mzee, huko juu viti vipo."

"Navijua," alisema Misumari.

Ndani ya ofisi alipiga magoti, akatoa koleo, akaanza kung'oa. Kwa mazoea kila msumari aliong'oa aliutia mdomoni, hata mahameli ilipoachia alikuwa amejaa hadi mashavuni. Akaondoa sponji. Mbao ikatokea, imefifia kidogo, lakini maandishi ya penseli yalikuwa yamebaki. Wakili aliinama, akasoma kwa sauti.

"'Mimi mwenye nyumba nimewapangisha chumba hiki fundi na mkewe mshonaji, wote wawili, miaka ishirini na mitano kuanzia leo. Wakilipa kodi wasihamishwe na mtu yeyote wa kwangu.'"

Mkewe alisema, "Soma tena."

Wakili akasoma tena.

"Wote wawili," alisema mkewe. Alikuwa amejishika kifua. "Siku zote nilijua mimi ni msaidizi wa huyu."

Misumari hakuweza kusema kitu, misumari ilikuwa imemjaa, na ilikuwa afadhali. Siku ile hakuisoma mbao. Aliona namba na sahihi, akafunika. Wiki tatu alizunguka mjini peke yake akibinya makochi kwa jambo ambalo nusu yake ilikuwa ya mkewe. Aliona aibu, aibu halisi, ya kuchoma masikio.

"Basi wapangaji ni wawili," alisema wakili, akivuta makubaliano yake mezani. "Mzee, siwezi kukuwakilisha peke yako. Mama ndiye ataamua kama ananiajiri." Akamsogezea kalamu.

Mkewe alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akasoma makubaliano yale mstari kwa mstari. Aliuliza maswali matatu ambayo mumewe asingeyafikiria, likiwemo la nani atalipia barua zikizidi. Kisha akatia sahihi, akampisha mumewe atie yake chini.

Siku mbili kabla ya notisi kwisha, mwana wa mwenye nyumba alikuja ghorofa ya tatu na wakili wake. Wakili wake alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mkataba usio na karatasi. Mwana mwenyewe aliinama juu ya kiti kilichochanwa, akafuatisha herufi kwa kidole, akafika kwenye sahihi, akabaki hapo.

"Huu ni mwandiko wa baba," alisema. Akatoa leso, akafuta uso, na kiti cha plastiki alichokikalia nacho kikafutwa baadaye.

Barua ya kufuta notisi ilifika baada ya wiki, pamoja na mkataba wa karatasi wa miaka sita iliyobaki, wenye majina mawili. Wakili aliwaonya kwamba sita si sitini, na kwamba safari ijayo waje mapema.

Misumari alinunua mahameli mpya, bora kuliko ya kwanza, akiwa na nia ya kukivika kiti cha mkewe upya. Mkewe alikataa. Alitaka kisimame ukutani na mbao yake wazi, mahali anapoweza kuisoma akishona. Ndipo Misumari akampa kiti chake mwenyewe cha kazini, chenye mto mzuri, naye akavuka barabara akajinunulia kingine. Cha plastiki. Cheupe.

Mtaa ulicheka hadi ukachoka. Mteja mmoja mwenye kochi lililochelewa alisimama mlangoni, akalitazama lile jambo la ajabu, fundi wa makochi juu ya plastiki, akauliza kazi yake itakuwa tayari lini. Alitegemea miguno miwili. Misumari alitema misumari yote kiganjani, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mteja yeyote, akaelekeza kidevu dirishani.

"Muulize mpangaji mwenzangu," alisema.