Siku Spika Alipoomba Kimya

Sisi madereva wa gari la wagonjwa tunamwita Spika, na yeye anaitikia. Anakaa chumba cha mawasiliano na redio tatu mezani: ya zimamoto, ya polisi na ya kwetu. Kila idara ina masafa yake na hatusikiani, anayetusikia wote ni yeye. Na anavyoongea mama yule! Ukichelewa kujibu anakuuliza kama umelala au umeoa tena.

Asubuhi ile jengo lililokuwa bado linajengwa liliporomoka. Spika akatupanga chapchap: zimamoto waingie mbele, polisi wafunge barabara, sisi tupitie nyuma tusije tukazibiana njia. Jamani, magari yote yaliingia bila kugusana hata vioo! Halafu akaongeza, sauti ileile: "Na mjue, mdogo wangu fundi vigae yumo humo. Endeleeni."

Nikamsikia bosi wake kwa nyuma akimwambia aachie kiti, maana mwenye ndugu kwenye ajali haruhusiwi kuongoza.

"Nikitoka nikafanye nini, bosi? Nikalie chooni? Niache nifanye kazi!"

Bosi akamwachia kiti.

Mafundi wengine walitolewa wazima, vumbi mpaka kwenye kope. Fundi vigae hakuonekana. Wenzake walisema mara ya mwisho alikuwa upande wa mbele, basi katapila likachimba mbele. Lenyewe lilikuwa la mjengo wa jirani, na dereva wake alikuja kusaidia kwa roho yake nzuri tu.

Spika akatangaza kwenye redio zote tatu: "Kimya cha kusikiliza! Zima injini, zima pampu, funga midomo!" Ndivyo tunavyofanya kwenye kifusi. Kelele zote zinakatwa, tunatega masikio, labda aliyefukiwa atasikika. Zimamoto wakazima pampu, nikazima gari langu, polisi wakanyamazisha umati. Katapila likaendelea kunguruma. Jamaa wa watu hakuwa na redio! Nani angempa, wakati si wa idara yoyote?

Nilitimua mbio, nikamrukia dirishani, kidole kwenye kitufe cha redio yangu ya mkononi ili Spika asikie.

"Zima!"

"Nizime? Betri imekufa, likizimika haliwaki tena! Nimebakiza ukuta huu mmoja tu!"

Nilitamani kumzaba kibao. "Mpe redio," Spika akaniambia. Nikampa.

"Kaka yangu," alisema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiongea taratibu, "mdogo wangu yumo chini ya hicho unachochimba. Nakuomba, zima."

Jamaa akaitazama redio, akanitazama mimi, akazima.

Lo! Kimya kile! Kisha, kule nyuma kwenye ngazi ambako hakuna aliyekuwa anachimba: ko, ko. Ko, ko.

"Spika," nikanong'ona, "kuna mtu anagonga. Mbili, anasita, mbili tena."

"Ndiye!" Alipiga ukelele nusura redio ipasuke. "Ndivyo anavyogonga sakafu ya mama kila akija, anatafuta kigae chenye uwazi chini yake! Ndiye huyo!"

Mkuu wa zimamoto akautazama ule ukuta mmoja uliobaki, akaguna. Ulikuwa umeegemea ngazi zilezile. Katapila lingeugusa, yote yangemwangukia kijana.

Tukachimba kwa mikono. Zimamoto, polisi, wapita njia, dereva wa katapila, mimi na kitambi changu, tunapokezana ndoo na kusukumana kama watoto. Kila tukisimama tunasikia ko, ko, karibu zaidi. Hatimaye ukatokea mkono mweupe kwa vumbi, umeshika nyundo ya mpira ya kugongea vigae. Tulishangilia mpaka koo zikakauka!

Mguu ulikuwa umevunjika, lakini mdomo ulikuwa mzima, ukoo ni uleule. Nikamlaza kwenye machela, nikamwambia dada yake ndiye aliyeomba kimya, nikamsogezea redio.

"Dada," akakohoa, "nimegonga weee, mnanipigia kelele tu. Kumbe unaweza kunyamaza?"

Tulicheka huku tunalia. Tukasubiri Spika amrudishie, maana huyo hajawahi kukosa la kusema. Redio ikakaa kimya.

"Spika, umemsikia?"

Kisha ikasikika, ukucha wake kwenye kipaza sauti: ko, ko.

Mdogo wake akainua nyundo, akagonga chuma cha machela mara mbili. Nikafunga mlango, nikawasha gari.