Fuko Aliyeshushwa Tambarare

Mwaka ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda Masama, kwetu mlimani, na magari yao, mume wangu alibaki bila kazi. Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, na kwa kuwa kahawa nyingi sasa ilikuwa inapimwa barabarani, kwenye mizani za watu wengine, wakamwambia akapumzike. Hakulalamika. Alikaa nyumbani siku kadhaa akinyoosha misumari iliyopinda, kisha asubuhi moja akashika sururu, akang'oa mibuni yote iliyokuwa mbele ya nyumba, akasema pale patakuwa na bustani ya nyasi.

Mama yake, ambaye tuliishi naye kwenye kihamba hicho hicho, shamba la ukoo, alitoka jikoni akasimama kando ya mashimo.

"Majani ya ng'ombe?" akauliza.

"Hapana, mama. Ya kutazama."

Mama mkwe alimwomba arudie, akidhani hakusikia vizuri. Aliporudia, alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa shule ya msingi na alidhani huenda jambo hilo limo vitabuni. Nikamwambia kwamba mjini watu wanafanya hivyo. Akarudi jikoni, na tangu siku hiyo akawa anaiita bustani ile "shamba la macho."

Ukoka wenyewe mume wangu aliutoa kando ya mto, akaupanda shina kwa shina kama mtu anayepanda mpunga. Zamu yetu ya maji ya mfereji ilipofika, nyasi zilinyweshwa kwanza, migomba baadaye. Hakuwa na mashine ya kukatia, kwa hiyo alitumia mkasi wangu wa kushonea, akitembea kwa magoti juu ya gunia. Kwa kweli ukoka ulipendeza. Ulipendeza hasa kwa ng'ombe wetu, aliyekuwa anauona kutoka bandani siku nzima. Sisi wanawake tuliendelea kushuka tambarare kumtafutia majani, na kila tuliporudi na mizigo kichwani tulipita kando ya majani mengine, mabichi, yaliyokatazwa kuliwa.

Kisha binti yetu akaposwa. Ndipo mume wangu alipoanza kusema kwamba yote hayo aliyafanya kwa ajili ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti ambayo wakati huo ilikuwa imeshika kasi mlimani. Wageni kutoka upande wa bwana harusi wangekaa kwenye ukoka. Alikwisha kupanga hata meza kuu ingeangalia upande gani.

Fuko alifika karibu wakati huo huo. Tuliamka tukakuta kifusi cha udongo mweusi, laini, katikati ya bustani, kama mtu amemwaga debe la unga. Mume wangu alidhani ni jirani. Nilimsikia akimuuliza jirani yetu uani, kwa sauti ya upole kabisa, kama usiku alipata haja ya kuchimba. Jirani alikuja kutazama, akacheka mpaka akashika mgomba.

"Huyo ni fuko," akasema. "Umempandia mizizi mitamu, ukamlainishia udongo kwa maji. Mimi ningekuwa fuko ningehamia na wazee wangu."

Kesho yake vifusi vilikuwa vingine, vimepangana kwa mstari kuelekea mahali pa meza kuu.

Mume wangu ana mdogo wake ambaye wakati huo alikuwa na duka Pasua, kule mjini. Soko huria lilikuwa limefunguka na yule shemeji yangu aliuza chochote kilichoshuka kwenye kontena: pasi, miavuli, baiskeli za miguu mitatu, vitu vingine ambavyo hakuna aliyejua kazi yake. Aliposikia habari za fuko alipanda Masama na pikapu yake siku hiyo hiyo, akiwa na boksi lenye mtego wa chuma kutoka Ulaya.

Juu ya boksi palikuwa na picha ya mnyama. Mama mkwe aliishika, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu ana mikono," akasema.

Ni kweli. Mnyama wa pichani alikuwa na mikono mipana, ya waridi, kama ya mtu aliyevaa glavu, na pua ndefu iliyochongoka. Hakuwa na meno ya kuonekana. Fuko wa kwetu mlimani ana meno manne ya rangi ya chungwa yanayotangulia mbele ya uso.

"Ni fuko wa huko kwao," shemeji akasema. "Fuko ni fuko."

"Huyu anakula nini?"

Nikasoma maandishi ya Kiingereza pembeni ya boksi nikamwambia kwamba anakula minyoo.

"Basi huu mtego ni wa mnyama mwingine," akasema mama mkwe. "Mpelekeeni mwenyewe."

Lakini mume wangu alikwisha kuupenda. Ulikuwa na springi nene na taya mbili, na alipoujaribu kwa mti wa ufagio uliukata mara moja. Akafukua njia ya fuko, akautegesha ndani kama maelekezo yalivyosema, akafunika na kipande cha mbao. Asubuhi alifunua. Mtego ulikuwa umejazwa udongo taratibu, kutoka nyuma hadi mbele, ukashindiliwa ukawa tofali, na taya zikiwa wazi vile vile. Akaukung'uta, akategesha tena. Likatoka tofali jingine. Shemeji alishauri tuyaanike, akisema yanatosha kujengea banda la kuku, na mume wangu hakuongea naye mpaka jioni.

Ndipo mama mkwe alipoamua kuonyesha mtego wa kwao. Huo hauhitaji duka. Unafukua njia ya fuko, kwa sababu fuko hapendi upepo na lazima arudi kuziba. Unaweka kitanzi cha waya mlangoni, unakifunga kwenye ufito uliopindwa kama upinde na kuchomekwa ardhini, na kamba nyembamba inayozuia ufito usifyatuke. Fuko akija kuziba, anaikata kamba kwa meno yake, ufito unaruka, kitanzi kinambana. Alitega mitego hiyo sehemu kadhaa, akaenda zake kanisani akiwa na uhakika kamili. Ilifyatuka karibu yote. Mmoja ulimkamata kuku wetu mguu. Mwingine ulinyakua kanga yangu kutoka kwenye kamba ya kuanikia, ikabaki inapepea juu kama bendera ya ofisi ya kata. Fuko alisogea kidogo upande wa kulia akaendelea na kazi.

Mama mkwe alilaumu nyasi. Alisema mtego ule unajua migomba na viazi, haujazoea shamba la macho.

Jumamosi moja kamati ya sendofu ilikutana kwetu, na mume wangu akasisitiza wakae kwenye ukoka, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa, mtu mzito, aliyeheshimika sana, ambaye hakuwahi kuonekana bila kofia yake nyeusi. Alifungua kikao kwa sala. Alipokaa, mguu mmoja wa nyuma wa kiti ulitoboa ardhi ukaingia kwenye njia ya fuko, na mwenyekiti akaanza kuzama polepole, kwa upande, akiendelea kusoma ajenda. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alipofika pembe kama ya mtu aliyelala kwenye kochi, kiti kiligusa kamba ya mtego uliosahaulika, ufito ukaruka nyuma yake ukanyakua kofia.

Kofia ilikaa hewani, ikitikisika, juu kidogo ya kichwa chake. Mzee aliitazama. Akageuka akatazama wajumbe.

"Tuendelee na suala la keki," akasema.

Tukaendelea. Mume wangu alikuwa amefumba macho, nadhani alikuwa anasali. Kikao kilipokwisha mzee alijitoa kitini, akaifungua kofia yake kwenye waya bila kuharakisha, akaagana nasi wote kwa mikono. Mlangoni alimwambia mume wangu kwa upole kwamba, kwa usalama wa wageni, ni vizuri fuko apatikane kabla ya siku yenyewe.

Mume wangu aliacha kula mchana. Alikuwa anakaa kwenye gunia lake kando ya bustani, akiulinda mtego wa Ulaya aliokuwa ameutegesha tena baada ya kuuhasi kwa kuulegeza springi, maana alikuwa amesoma mahali fulani, au amejiambia mwenyewe, kwamba fuko anausikia ukikaza. Siku mbili kabla ya sendofu nikiwa natoka shule nilimkuta amepiga magoti, ameshika kitu kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akaniita, maana ndivyo anavyoniita mpaka leo. "Njoo umwone."

Alikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea. Manyoya ya kahawia, laini kama kitambaa cha suti, vijicho kama mbegu za ufuta, na yale meno. Mtego uliolegea ulikuwa umemshika kiunoni bila kumuumiza. Alikuwa ameshika kidole cha mume wangu kwa kiganja kimoja, akishikilia.

Mama mkwe alikuja na jembe. "Mweke chini," akasema.

Mume wangu hakumweka. Alisema atampeleka mbali. Mama yake alimuuliza mbali wapi. Akasema mahali ambapo hatamsumbua mtu. Mama mkwe akashusha jembe, kisha akauliza tena, taratibu, kama unavyomuuliza mtoto mwenye homa: "Wapi?"

Shemeji aliitwa na pikapu yake. Nilikwenda nao, kwa kuwa mtu fulani alipaswa kushika ndoo. Fuko alikuwa ndani ya ndoo yenye udongo, na kiazi kitamu ambacho mume wangu alimwekea cha njiani.

Tulishuka mpaka Chekereni, mume wangu akiamini kwamba tambarare kuna nafasi. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji pande zote, na kati yake kulikuwa na matuta ya udongo. Mwanamume aliyekuwa analinda maji ya mfereji alitusimamisha. Tukasalimiana. Akauliza tumebeba nini.

"Fuko," akasema mume wangu.

"Mzima?"

"Mzima."

"Mnamuuza?"

"Hapana. Tunamtafutia mahali."

Yule mtu alichungulia ndoo, akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu mimi, niliyekuwa bado na chaki kwenye sketi. "Mama," akaniambia, "huyu akitoboa tuta moja hapa, maji yote yanaondoka. Watu watalala njaa. Nawaomba mrudi naye." Hakukasirika. Alisema kama mtu anayeeleza njia, na akatusindikiza mpaka barabarani kuhakikisha.

Tulijaribu kwingine. Kila tulipoona kichaka, kumbe nyuma yake kuna mahindi ya mtu. Tulipoona uwanja, ulikuwa wa shule, na mimi nilikataa kwa niaba ya walimu wenzangu. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia maharage alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kwetu mlimani tumemaliza matatizo mengine yote. Nilikuwa sijawahi kufikiri hivyo: kwamba nchi yote ile kubwa, tangu msituni mpaka tambarare, haina mahali palipo wazi kwa fuko mmoja.

Mwishowe tulimwacha kando ya reli. Treni zilikuwa zimepungua sana na nyasi zilikuwa zimeota kati ya mataruma. Mume wangu aliilaza ndoo. Fuko alitoka, akanusa, akakaa kidogo juani, kisha akaanza kuchimba kwa meno. Mara mgongo tu ukaonekana, mara udongo unaosogea wenyewe. Mume wangu alichuchumaa pale mpaka udongo ukatulia.

"Anachimba vizuri," akasema.

Shemeji alikuwa anafuta macho nyuma ya usukani, na sikujua kama ni kwa kucheka. Mimi nilikuwa nafikiria binti yetu, sijui kwa nini.

Siku ya sendofu kulipigwa turubai kubwa, na vijana wa mapambo walitandika mikeka kuanzia ukingo hadi ukingo kwa sababu ya matope. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeuona ukoka. Mume wangu alisimama pembeni kwa muda, akainua pembe ya mkeka kwa ncha ya kiatu, akairudisha. Baadaye alicheza na binti yake, vibaya sana, na hakumwachia mkono mpaka wimbo ulipobadilika.

Wakati wa chakula mama mkwe alikuwa amekaa na babu wa bwana harusi, mzee mkimya aliyekuwa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Nikamsikia akimweleza kwa nini mwanawe alionekana mchovu. Alimweleza yote, kwa uso mkavu: ndoo, kiazi, Chekereni, reli. Mzee alisikiliza bila kutabasamu. Mume wangu alipopita na sahani za wageni, alimsimamisha kwa kumgusa koti.

"Mkwe," akasema, "yule fuko alifika salama?"

"Shikamoo, mzee," akasema mume wangu. "Alifika."

"Marahaba," akasema mzee, na akasogea kwenye benchi ili mume wangu apate mahali pa kukaa.