Eshapema Niliyoiagiza kwa Kudhani

Aibu hii mke wangu aliisikia sokoni Kasongo kabla ya kuisikia kwangu, kwa hiyo siwezi kusema niliificha, niliinyamazia tu, na watu wa Kabambare wakanisaidia kuitangaza. Leo acheni niisimulie mwenyewe, maana nimechoka kusikia wengine wakiisimulia vibaya (kuna wanaosema nilitumbukia mtoni na pikipiki, hakuna mto hata mmoja katika habari hii).

Wakati ule wa Wabelgiji nilikuwa enfirmie, yaani muuguzi, katika hospitali ya Kasongo, na kazi yangu ilikuwa kutangulia vijijini kwa pikipiki, kuwaandika wagonjwa wa buba, ili munganga wetu, daktari Mbelgiji mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, akifika na kamio, lori la dawa, akute watu wamekusanyika. Pikipiki ilikuwa mali ya hospitali, lakini niliipanguza kila asubuhi kama yangu, na nilipopita mbele ya kanisa na kaputula nyeupe na kofia ngumu, nilijua ninaonekana. Basi mawe ya barabara ya Kabambare yakaitoboa eshapema, ule mrija wa kutolea moshi, pikipiki ikaanza kukohoa kama mzee wa tumbako, na munganga akaniambia, "Kasome namba ya injini, uniletee. Tutaandikia fabriki Ubelgiji watume ingine."

Namba yenyewe ilichongwa chini kabisa, penye matope na mafuta, na kuisoma ilibidi ulale chali. Siku ile kaputula yangu ilikuwa imetoka kupigwa pasi. Nikachuchumaa, nikaona tarakimu tatu za mwanzo, zilizobaki nikaenda kuzitafuta katika katalogi ya fabriki iliyokuwa ofisini, nikachagua picha iliyofanana na pikipiki yetu (zote zilifanana, nawaambieni kweli), nikaandika barua kwa mwandiko mzuri sana. Munganga akatia sahihi bila kuuliza kitu, kwa sababu aliniamini.

Miezi ikapita. Kasha likavuka bahari, likapanda reli, likafika Kasongo likiwa limebonyea pembe moja, na nilipolifungua nikaona eshapema nene kama paja langu. Ilikuwa ya pikipiki kubwa, ya aina ambayo Kasongo nzima hatukuwa nayo. Hapo ningekwenda kusema nimekosea, na mkasa ungeishia ofisini, mbele ya watu wawili. Sikwenda. Niliifunga katika gunia nikaipeleka kwa Fundi Ramazani, mfua chuma aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti.

Aliigeuza mara mbili mikononi. "Enfirmie, hii haiko yake."

"Najua. Ifanye iwe yake."

"Mudomo yake iko mukubwa. Nitaikaza na bati na waya, lakini hapa panakuwa moto mingi, waya itachoka."

"Itafika Kabambare?"

"Kufika itafika," alisema, na mimi sikuuliza la zaidi.

Munganga aliiona asubuhi yake, akasema, "Ah, imefika." Nikajibu, "Ndiyo, Munganga," na jibu hilo, ukilipima neno kwa neno, halikuwa uongo.

Siku ya sindano pale Kabambare, kamio ilitangulia kwa sababu mimi nilisimama njiani mara nne kukaza waya. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nimepita vijijini kwa baiskeli, nikiogopa kuichosha ile waya, nikiwabembeleza watu waje, nikiwaambia kwamba hakuna atakayekamatwa wala kuulizwa kodi, ni dawa tu. Na walikuja. Nilipotokea chini ya kilima niliiona mistari mirefu mbele ya dispansari, chifu ameketi kwenye kiti chake, na Mama Feza, bibi kizee ambaye mguu wake ulikuwa na donda hadi kisiginoni, amelala kwenye machela aliyobebewa na wanawe wawili tangu jana yake. Mtu mwenye akili angezima injini na kuisukuma pikipiki hadi juu. Mimi nilitaka kufika vizuri, nikaongeza mwendo.

Waya ilikatika katikati ya mlima. Bati likaruka, pikipiki ikapiga mlio ambao mimi niliyeikalia niliudhani ni bunduki, ikapiga wa pili na wa tatu, kisha eshapema yenyewe ikachomoka ikiwa na moto, ikaruka juu ya mawe kuelekea kwenye mstari wa akina mama. Wazee wa pale waliwahi kuona askari wakiingia kijijini kwa risasi, hawakungoja maelezo, wakakimbilia porini na wote wakawafuata. Nilipofaulu kusimama, uwanja ulikuwa na kandambili, vibuyu, kiti cha chifu kilicholala ubavu, na munganga ameshika sindano hewani. Hata wana wa Mama Feza walikuwa wameiweka machela chini na kwenda zao.

Mama Feza peke yake ndiye aliyebaki. Alimtazama munganga, akanitazama mimi, akasema, "Mimi siwezi kukimbia. Kama ni vita, munipige sindano kwanza."

Munganga akampiga sindano, akamfunga donda taratibu, kisha akaja kwenye pikipiki, akalala chali mavumbini na koti lake jeupe, akaisoma namba kwa kidole.

"Hii ulisoma weye?"

"Nilisoma nusu, Munganga."

"Na nusu ingine?"

"Nilidhani."

Hakunipigia kelele. Aliinuka akasema, "Kamata ile eshapema. Utaenda nayo kwa miguu, kijiji kwa kijiji. Uwaonyeshe kitu kilicholia, na useme ni nani alikifanya."

Nilitembea siku tatu na lile dude begani. Katika kijiji cha kwanza nilisema chuma kiliharibika, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Kiliharibika chenyewe?" Nikaanza upya, nikasema yote, kaputula na katalogi na waya, na wanawake wakanifanya nirudie sehemu ya kaputula kwa ajili ya waliochelewa. Katika kijiji cha nne habari ilikuwa imefika kabla yangu, nami nilikaribishwa kwa kicheko. Waliocheka walikuja kuchomwa sindano. Nikafurahi wacheke.

Lakini si wote waliorudi. Mwanamume mmoja, Mulamba, mwenye buba kwenye nyayo, alikuwa amekimbilia kwa wakwe zake, mbali na barabara, nami nilimpata baada ya miezi mingi, akitembea kwa ukingo wa miguu, mikono yake ikishika kuta za nyumba. Nilipiga magoti kumwosha. Aliniuliza kama dawa inauma. Nikamwambia inauma. Akanyoosha mguu, na mimi nilishindwa kumtazama usoni mpaka nilipomaliza.

Tangu wakati ule nimesema "sijui" mara nyingi sana, mbele ya wakubwa na mbele ya wagonjwa, na mara nyingine nimeonekana mjinga. Nimeshaizoea hali hiyo. Hakuna aliyekimbia porini kwa sababu ya neno hilo.