Mgeni Aliyepiga Hodi Juu ya Bati

Kabla sijajua kusoma nilikuwa na mungu wangu wa kike, na sikumwomba mtu ruhusa. Hakuwa wa mapadri wala wa wazee wa milimani. Alikuwa wetu wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, na jina lake lilikuwa Mgeni. Nikiwasimulia wajukuu wanacheka, nami nawaacha wacheke. Wao hawajawahi kuwa na mungu aliyekaa kwenye kigoda cha baba yao.

Tuliishi Kadutu, mtaa wa Bukavu, nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na bati juu, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Mji ulikuwa umebadilishiwa jina juzi tu, na watu wazima walikuwa bado wanajikwaa wakilitaja. Baba alikuwa seremala kwenye karakana ya Mzungu mmoja huko Ibanda. Alishuka asubuhi, akapanda jioni na vumbi la mbao masikioni. Mama alibaki na mteremko wake wa maharagi nyuma ya nyumba, na sisi, na ulimi wake. Sijapata kuona mtu aliyefanya kazi na kuongea kwa pamoja kama yeye. Alichambua maharagi akiongea, akatusuka akiongea, akasonga bugali akiongea, na bugali haikupata hata donge moja.

Sasa, mvua ya Bukavu haina adabu. Mchana unaanza na jua zuri, nguo zimeanikwa, mara milima inafunikwa na matone yanaanza kugonga bati. Hapo Mama alipaza sauti kutoka jikoni: "Batoto! Mugeni anapiga hodi! Ingizeni manguo!" Hakusema mvua. Hakuwahi kusema mvua, hata siku upepo ulipong'oa bati moja tukalowa sote kitandani. "Mugeni ameingia mu nyumba," alisema siku ile, akihamisha godoro kwa heshima kama anayempisha mkwe.

Majirani walisema mvua. Masista shuleni walisema mvua. Baba naye alisema mvua, nasi tukaona kwamba Baba ni mtu mwema lakini haoni mbali. Kwetu jambo lilikuwa wazi: mvua ni kazi, na Mgeni ndiye mwenye kazi.

Lakini aliyemfanya awe mungu ni hadithi za Mama. Mvua ikitufungia ndani alivuta ungo wa maharagi, akaanza: "Kule..." Ndivyo nchi ile ilivyoitwa, Kule, na hatukuuliza iko upande gani. Huko Kule kulikuwa na mfalme aliyekusanya moto wote wa nchi kwenye ua wake, ili kila mtu aje kumpigia magoti apate kaa la kupikia. Mashujaa wakaenda kupigana naye, wakashindwa. Wenye hekima wakaenda kumsihi, wakafukuzwa. "Njo Mugeni akapita," alisema Mama, kwa ile "njo" yetu ya Bukavu iliyo ndipo na ndiye kwa pamoja, na kutupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharagi. Asubuhi yake mfalme alikuwa na ua uliojaa majivu baridi, na ikambidi aende mwenyewe, miguu peku, kuomba kaa kwa mjane aliyekuwa ameficha lake chini ya chungu.

Kulikuwa na bibi harusi aliyetoroka kwa mume wake chui. Chui akafuata nyayo zake mpaka bondeni. Njo Mugeni akapita, na nyayo zikakosekana. Kulikuwa na ndugu wawili waliotaka kuuana kwa ajili ya mpaka wa shamba kwenye mteremko mkali. Njo Mugeni akapita, na shamba lote, mpaka na ugomvi wake, likateremka bondeni na kuwa la jirani.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuhesabu mambo. Niligundua kwamba katika kila hadithi mfalme ndiye aliyepigiwa ngoma, sungura ndiye aliyesifiwa kwa akili, na mashujaa waliimbwa hata waliposhindwa. Huyu aliyegeuza mambo hakupigiwa ngoma. Hakuwa na ngao, hakuwa na ikulu, hakusema neno hata moja. Alipita tu, na aliyekuwa juu akawa chini. Nilimwambia mdogo wangu siri hiyo chini ya blanketi, na yeye, aliyekuwa na miaka mitano na akili ya mahakama, akauliza: "Ni mwanamume ama mwanamuke?"

Tulilichunguza hilo wiki nzima. Anakuja bila kuitwa, anafanya kazi, anaondoka hakuna aliyemshukuru. Tena siku moja, akiyaangalia maharagi yaliyokuwa yameanza kunyauka, Mama alisema, "Mugeni akichelewa tutakufa. Njo ye anatunyonyesha." Kesi ikaisha. Mwenye kunyonyesha ni mwanamke.

Basi tukamtungia ibada, maana mungu asiye na ibada anaweza kuhamia kwa majirani. Matone yakianza tuliweka kigoda cha Baba nje uani, apumzike. Baadaye tulikikuta kimelowa, na huo ukawa uthibitisho: ameketi. Mama alitupiga kwa sababu ya kigoda kile, kilichoanza kupasuka, lakini hakutuuliza kwa nini. Laiti angeuliza, yaliyofuata yasingetokea.

Mwaka ule nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshonwa tayari, linaning'inia ukutani ndani ya shuka ili moshi usiliguse. Mama alililinda kuliko alivyotulinda sisi. Yeye alibatizwa akiwa msichana mkubwa, baada ya kwenda kwa miguu miaka mitatu kufuata mafundisho mlimani kwao, na kila Jumapili aliamka na njaa yake ya kufunga akiwa mchangamfu kama anayekwenda harusini. Kupokea komunyo ndiyo furaha pekee niliyopata kumwona nayo ambayo haikuwa na kazi ndani yake.

Katekista wetu alikuwa mtu wa Mwenga, mrefu, mkali, hodari wa Kiswahili na wa lugha ya kwao. Mashi, lugha ya nyumbani kwetu, hakuisikia hata kidogo. Siku moja akauliza darasa: "Nani analeta mvua?" Watoto wote wakajibu kwa pamoja: "Mungu!" Mimi nikainua mkono. Nilikuwa na mdomo, na mdomo uliponza kichwa.

"Mungu njo mukubwa," nikasema, "lakini mwenye kuleta mvua ni Mugeni."

"Mugeni gani?"

Nikamweleza yote. Nilieleza vizuri, nasema ukweli, na kwa fahari: moto wa mfalme, nyayo za bibi harusi, kigoda. Katekista hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza polepole: "Na nani alikufundisha hii maneno?"

"Maman," nikasema.

Akachukua penseli akapiga mstari juu ya jina langu kwenye orodha. Kisha akanipa karatasi ya kumpelekea Baba: mama aje kwa Padri Jumamosi, na ikionekana kwamba anaabudu pepo nyumbani, mtoto hatapokea, na yeye mwenyewe atazuiwa komunyo.

Baba alisoma kwa sauti. Nilingoja kupigwa, na ningependa kupigwa. Mama aliketi chini tu, akalitazama lile gauni ukutani. Baba akamwambia, "Utabaelezea. Ni neno tu." Ilikuwa mara ya kwanza nyumba yetu kunyamaza.

Jumamosi tulikwenda wawili, mimi na Mama. Padri alikuwa Mzungu wa makamo mwenye ndevu, mpole. Aliwapa watoto peremende kwa kificho. Alikuwa nyuma ya meza, katekista amesimama kando yake, Mama kwenye ncha ya kiti, mimi mlangoni.

"Maman," akasema Padri, "mutoto anasema kwenu iko mungu ingine. Ni kweli?"

"Hapana, Padri. Ni maji ya juu. Ile inaangukaka."

"Mvua?"

Mama akainamisha kichwa kukubali.

"Sasa juu ya nini unaita Mugeni?"

"Njo jina ya papa ya bwana yangu, Padri. Kwa Mashi. Mukamwana hawezi kutaja jina ya baba mukwe yake. Ata kwa luga ingine mi siwezi, juu maana ni ileile."

Hapo mlangoni ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza. Babu yetu, mzee aliyeishi huko Walungu, tuliyemwita koko kama watoto wote wanavyowaita babu zao, jina lake kwa Mashi lilikuwa Mvua. Mama aliingia kwenye ukoo wake akiwa bibi harusi, akalitoa neno lile kinywani mwake siku hiyohiyo, na kuweka jingine mahali pake. Kwa miaka yote ile mimi nilikuwa nasujudia adabu yake.

"Padri," akasema katekista, "bote banasemaka vile. Kama ni mvua tu, aseme mvua hapa tusikie. Mutu haogope neno kama hakuna kitu nyuma yake."

Padri alifikiri. Naamini alitaka kumsaidia, na ndiyo maana sijamchukia. "Jina ya muzee iko kwa Mashi," akasema. "Kwa Kiswahili ni neno tu. Sema mara moja, maman, na mutoto anarudi ku liste."

Mama akageuka kunitazama. Sikuwa na akili ya kutosha kumwambia asiseme. Nilikuwa nalitaka gauni langu. Nilimtazama kwa macho ya mtoto anayetaka gauni, naye akayaona.

"Mvua," akasema.

Kisha akafunika mdomo kwa ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga, na hakuufunua mpaka tulipofika nyumbani.

Njiani nililia. Naona aibu kusema kwamba sikumlilia yeye. Nilimlilia Mgeni, na nilikasirika: nchi nzima ya Kule, na mtawala wake wa siri, kumbe ni maji tu na jina la mzee mmoja. Nilimweleza mdogo wangu kwa uchungu mwingi. Yeye akapima ushahidi, kisha akasema: "Kwa hiyo koko njo Mugeni."

Nilipokea komunyo nikiwa nimevaa gauni jeupe, na watu wakasema nimependeza. Nilipogeuka kutoka mbele nilimtafuta Mama katika safu ya wanaokuja. Alikuwa amebaki kwenye benchi. Padri alikuwa amemsamehe kosa ambalo hakulifanya. Alilolifanya halikuwa la Padri kusamehe.

Wiki iliyofuata Baba aliomba ruhusa kazini, na sote wanne tukapanda lori la sokoni kwenda Walungu. Mama alikuwa na kuku mapajani na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi aliyoipika mwenyewe. Nilijaribu kumchokoza anisimulie hadithi ya Kule, akanitazama kama mtu aliyesahau lugha.

Babu alikuwa mwembamba, meno machache, macho mekundu ya moshi. Mdogo wangu alimtazama kwa hofu kubwa, na alipopewa mkono akapiga goti hadi chini. Mama aliketi sakafuni karibu na mlango, uso pembeni, kama inavyompasa mkamwana. Baba ndiye aliyesema: "Papa, mukamwana yako alikutaja. Mbele ya batu. Amekuya kuomba musamaha."

Mzee alimpokea kuku, akampima uzito kwa mkono. "Alinitaja ku luga gani?"

"Kiswahili, Papa."

"Kumbe ata ku Kiswahili mi niko mvua!" Akacheka hadi akakohoa, na ikabidi Baba amshike mgongo. Akataka kujua ilikuwaje, na Baba akamweleza habari za katekista na orodha na gauni. Babu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema yameisha, kuku ni mzuri, achinjwe watu wapate kula.

Lakini hakuinuka. Alikaa akiutazama mlango alipokuwa Mama, bila kumtazama Mama mwenyewe.

"Mukamwana," akasema, "benye balikuwa bananiita jina yangu bote balishakufa. Sasa niko papa, niko muzee, niko koko. Iko siku nyingi sijasikia mutu ananiita. Sema tena kidogo, nisikie."

Nilimwona Mama akitandaza viganja vyake sakafuni. Machozi yalimshuka, na hakuyafuta. Nilitamani aseme. Nilifikiri ni jambo jepesi sasa, mwenye jina mwenyewe ameomba.

"Papa," akasema, "ile ya kukutaja nilikuwa nayo mara moja tu. Nilishamupa mutoto."

Babu akakishika kibuyu cha kasiksi ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa, akakisukuma sakafuni kwa mikono miwili mpaka kikamfikia Mama, na hakukubali mtu anywe kabla Mama hajaanza.